Safari fupi, mtoto mdogo: Jiandae kabla hujavuka Horohoro



Shule zikifungwa, familia nyingi za Tanga, na hata za Dar es Salaam, huwapakia watoto garini kwenda Mombasa. Mmoja ana shangazi huko, mwingine kaalikwa harusi, mwingine anataka tu watoto wakaone Mji wa Kale na kupanda kivuko cha Likoni. Ukiangalia ramani ni karibu. Kutoka Tanga mjini hadi mpakani Horohoro ni kama kilomita 65, na kutoka Lungalunga, upande wa Kenya, hadi Likoni ni kama kilomita 100. Lugha ni moja na chakula ni kile kile. Ndiyo maana tunafunga safari hii kama watu wanaokwenda mtaa wa pili.

Hapo ndipo tunapokosea. Mwili wa mtoto mdogo hauhesabu kilomita. Unahesabu saa alizokaa juani, maji aliyokunywa na maji aliyopoteza. Kwa hiyo safari ya nchi jirani, hata ikiwa ya siku mbili, ipangwe kwa kumtazama mdogo kuliko wote garini. Akiweza yeye, wote mtaweza.

Mkoba wa tabibu usio na dawa

Nasema haya kwa kuwa yalinifika. Miaka michache iliyopita tulikwenda Mombasa kuwaona wakwe, tukiwa na binti yetu wa mwaka 1 na miezi 4. Tulikodi Noah pamoja na ndugu. Mikoba ilijaa kanga za zawadi, halua na nguo za Idi. Dawa sikubeba hata moja. Mimi ni tabibu, na nadhani hilo ndilo lililonidanganya, nikajiona dawa ninayo kichwani.

Njiani tulisimama msikitini kuswali. Watoto walikuwa na kiu, wakanywa maji ya bomba la kutawadhia, nami nikiwatazama. Usiku wa pili binti akaanza kuharisha na kutapika. Asubuhi yake tulitakiwa kurudi, maana Jumatatu nilikuwa na zamu. Mke wangu akasema tungoje siku moja. Nikamjibu, "Ni mwendo mfupi tu, tutafika."

Tulipofika mpakani jua lilikuwa kali na foleni ilikuwa ndefu. Binti alikuwa ameacha kulia, nami nikamshukuru Mungu kuwa ametulia. Muuguzi wa dawati la afya akamtazama begani kwa mama yake, akanigeukia: "Shehe, huyu mara ya mwisho amekojoa saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Swali hilo mimi mwenyewe huwauliza wazazi kila siku kazini.

Mtoto hakuwa ametulia, alikuwa anaishiwa maji. Muuguzi yule alikoroga ORS, akampa mama kijiko, akatuketisha kivulini. Kijiko kimoja, unasubiri dakika moja au mbili, kisha kingine. Foleni iliendelea bila sisi. Alasiri ndipo binti alipokojoa, na sijawahi kufurahia pampasi iliyolowa kama siku ile. Tulikwenda moja kwa moja hospitali, akapona, Alhamdulillah. Lakini mke wangu hadi leo nikisema "ni mwendo mfupi tu" hunitazama, nami hunyamaza.

Maji tohara na maji salama

Ndugu msomaji, tulipokuwa chuoni tulisoma mlango wa maji kabla ya milango mingine. Tukajua yapi yanafaa kutawadhia na yapi hayafai. Elimu ile ni sahihi, lakini inajibu swali la ibada. Maji ya tangi au kisima yanaweza kuwa tohara, yasiyo na rangi, harufu wala ladha ngeni, na bado yakawa na vijidudu vya kuharisha ambavyo jicho halivioni. Maji ya kutawadha si lazima yawe ya kunywa.

Basi maji ya watoto yatoke nyumbani. Yachemshwe mpaka yatokote vizuri, yapoe, yatiwe katika dumu safi lenye mfuniko. Ukinunua ya chupa, hakikisha kizibo hakijafunguliwa. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya hahitaji maji hata katika joto la pwani. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe anywe ya kutosha.

Vivyo hivyo mikono. Udhu hauchukui nafasi ya sabuni. Ukimaliza kumsafisha mtoto, na kabla ya kumlisha, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Weka kipande cha sabuni na birika dogo pahali pa kufikika, si chini ya mizigo yote.

Wiki mbili kabla

Maandalizi ya safari hii hayaanzi usiku wa kuamkia safari. Anza na hati. Kila mtoto anahitaji hati yake ya kusafiria, hata kama ananyonya. Nenda ofisi ya Uhamiaji mapema, na uulize pia unahitaji karatasi gani kama mzazi mmoja anasafiri bila mwenzake, au kama unamchukua mtoto wa ndugu. Beba na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Pili ni kadi za njano, nazo ni mbili. Ya kwanza ni ya gari, bima ya kuvuka mpaka ijulikanayo kama Kadi ya Njano ya COMESA. Kama gari ni la kukodi, muulize mwenyewe kabla ya kulipa. Ya pili ni ya chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uwezekano wa ugonjwa huo, hivyo unaporudi Tanzania unaweza kudaiwa cheti. Chanjo hutolewa kwa kawaida kuanzia miezi 9, na cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hakihitaji kurudiwa kila miaka 10 kama zamani. Mama mjamzito, mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 9, na mtu mwenye mzio wa mayai waseme kabla ya kuchanjwa. Na usinunue kadi mtaani. Hiyo ni karatasi ya uongo, na haimkingi mtoto na chochote.

Tatu, chukua kadi ya kliniki ya mtoto uone kama chanjo zake za kawaida zimekamilika, hasa ya surua, inayotolewa akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18. Kadi hiyo safiri nayo.

Chakula cha njiani

Mama wa pwani hasafiri bila kapu, na hilo ni jambo jema. Lakini pilau iliyopikwa usiku, ikafungwa ya moto na kukaa garini hadi adhuhuri, ni shamba la vijidudu. Chakula kilichopikwa kisikae katika joto zaidi ya saa mbili. Chukua vitu vinavyostahimili: mkate, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa yaliyopikwa asubuhi hiyo, ndizi, machungwa, tende zilizotolewa kokwa.

Karanga, bisi na peremende usimpe mtoto wa chini ya miaka 5 gari likiwa linakwenda, kwani tuta moja tu linatosha kumpalia. Na asali, pamoja na heshima yake kubwa kwetu, asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vya sumu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda.

Usifunge vitu kwa mifuko ya plastiki ya kubebea. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Tumia vikapu na mifuko ya kitambaa. Pampasi chafu zitengewe ndoo ndogo yenye mfuniko mpaka mpate pa kuzitupa. Zisitupwe dirishani, na zisiachwe msikitini.

Ndani ya gari

Ondokeni baada ya Alfajiri, ili saa za jua kali ziwakute mmefika au mmepumzika. Simameni kila baada ya saa mbili hivi. Msikiti wenye kivuli na choo ni kituo kizuri: watoto wanyooshe miguu, wanywe, wabadilishwe nguo, nanyi mswali. Rukhsa ya msafiri kukusanya Adhuhuri na Alasiri ni nafuu kubwa kwa mama mwenye mtoto mchanga. Masharti yake muulize shehe wako.

Mtoto akae kiti cha nyuma, kwenye kiti chake cha gari kama mnacho. Usimfunge mkanda mmoja na wewe, kwani gari likigonga mwili wako ndio utakaombana. Na asiachwe peke yake garini hata dakika tano wakati mnagonga mihuri. Katika gari lililofungwa juani, joto huweza kupanda nyuzi 10 kwa dakika 10 za mwanzo.

Kwa mtoto anayechafukwa na safari, mpe chakula chepesi, fungua dirisha, mfundishe kutazama mbali mbele. Simu na vitabu viwekwe kando. Wako wanaowapa watoto dawa ya mafua au ya kichefuchefu ili walale njia nzima. Acheni. Baadhi ya dawa hizo, kama promethazine, zinaweza kuzuia pumzi ya mtoto wa chini ya miaka 2.

Mkoba wa mtoto

Mkoba huu ukae miguuni kwa mama, usiende nyuma na masanduku. Tia pakiti nne au zaidi za ORS, chupa ya lita 1 ya kukorogea, kikombe na kijiko, vidonge vya zinki, dawa ya homa ya paracetamol yenye kipimo ulichoandikiwa kwa uzito wa mtoto, kipimajoto, sabuni, na nguo mbili za akiba. Chandarua chenye dawa kiwemo, maana malaria ipo Tanga na ipo Kwale, nayo haitazami hati ya kusafiria.

Pakiti moja ya ORS ya lita hukorogwa katika lita 1 ya maji salama, bila kupunguza wala kuongeza. Ikipita saa 24 imwage, ukoroge nyingine. Kila akiharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, na wa miaka 2 hadi 5 mililita 100 hadi 200, kidogo kidogo. Akitapika subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Zinki hupewa kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi 6, miligramu 20 kwa aliyezidi hapo.

Wakati wa kuvunja safari

Utakapoona mtoto amelegea au ni vigumu kumwamsha, macho yamedidimia, analia bila machozi, hakojoi kwa saa 6, utosi wa mchanga umebonyea, anashindwa kunywa, anatapika kila kitu, ana damu kinyesini au amepata degedege, safari imekwisha hapo. Nenda hospitali iliyo karibu huku ukimpa ORS kwa kijiko ikiwa yu macho na anameza. Katika njia hii kuna Bombo mjini Tanga, Msambweni katika Kaunti ya Kwale, na Coast General mjini Mombasa. Ukiwa Kenya, namba za dharura ni 999 na 112. Homa nayo, ikiwa njiani au wiki chache baada ya kurudi, ipimwe malaria siku hiyo hiyo, na umweleze daktari mlikotoka.

Tenga fedha za siku moja ya ziada kabla ya kutoka. Wazazi wengi, mimi nikiwemo, huondoka na mtoto mgonjwa kwa sababu nauli imeshalipwa au zamu inangoja. Zamu ile niliyoikimbilia sikuiwahi, na aliyenishikia hakulalamika.

Kutawakali ni wajibu wetu, na tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza. Ngamia wetu leo ni pakiti nne za ORS na dumu la maji yaliyochemshwa. Safari njema, na Allah awarudishe salama.

Wabillahi tawfiq.