Fahamu: Omkara, Othello wa Kihindi kwenye DVD

Mpenzi wa filamu za Kihindi, awe Ipililo au Bariadi mjini, akiweka DVD ya Omkara (2006) anatazama Othello, tanzia ya Shakespeare iliyochezwa London mwaka 1604. Mwongozaji Vishal Bhardwaj ameihamishia kwa wababe wa siasa wa Uttar Pradesh. Ajay Devgn ndiye Omkara. Saif Ali Khan ni Langda, msaidizi aliyenyimwa cheo.

Kwa Shakespeare, leso iliyopotea ndiyo inayochochea wivu. Hapa ni mkufu wa kiunoni, urithi wa familia ya Omkara, anaompa Dolly, mchumba wake. Badiliko hili lina nguvu kweli: mkufu hukaa mwilini, na ukipotea mume anaamini kaporwa mke.

Tanzia za Shakespeare kwa Kiswahili zipo pia: Mwalimu Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari (1969).