Mgongo Ukiuma, Usilale Tu



Watu wengi wa milima ya Upare wanaumwa mgongo. Kazi zetu ni za kuinama na kubeba. Kule Mamba Myamba watu huchimba tangawizi na kubeba magunia kwenye miteremko mikali. Kule Ndungu, bondeni, watu huinama siku nzima wakipandikiza mpunga. Akina mama hubeba kuni na maji. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20 na zaidi. Siku ya msaragambo tunapozoa matope ya ndiva, jioni kila mtu anashika kiuno.

Mama mmoja mkulima wa tangawizi aliletwa zahanati akiwa amebebwa kwa machela. Alikuwa amelala kitandani wiki tatu. Maumivu yalianzia kiunoni, yakapita kwenye tako, yakashuka hadi kwenye unyayo. Shamba lake lilikuwa limejaa magugu. Aliniambia, "Mwanangu, mgongo wangu umevunjika. Nipeleke nikapasuliwe."

Nilimpima. Nilimwuliza kama anakojoa vizuri. Nilimwomba asimame kwa vidole, kisha kwa visigino. Aliweza, ingawa kwa maumivu. Nikamjibu, "Hapana mama, haujavunjika. Mshipa wa fahamu umebanwa. Utapona bila kisu. Lakini kuanzia leo usilale tu."

Ni nini kinachobanwa?

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili, kama muwa. Shingoni zipo pingili 7, kifuani 12, na kiunoni 5. Kati ya pingili na pingili upo mto wa gegedu. Mto huo ni mgumu kwa nje na laini kwa ndani. Kazi yake ni kupokea uzito. Pembeni mwa pingili hutokea mishipa ya fahamu inayokwenda mikononi na miguuni.

Mtu akiinua mzigo vibaya, au akichoka kwa miaka mingi ya kazi, mto unaweza kuvimba na kutokeza nje. Ukigusa mshipa wa fahamu, mtu husikia maumivu ya kuchoma, au ganzi, au mguu kulegea. Kosa liko kiunoni, lakini maumivu yanasikika mguuni.

Mara nyingi mwili wenyewe hurekebisha jambo hili. Uvimbe hupungua. Sehemu iliyotokeza husinyaa polepole. Watu wengi hupata nafuu katika wiki 6 hadi miezi 3 bila kupasuliwa.

Kwa nini tusilale?

Zamani waganga walimwambia mgonjwa alale kitandani siku nyingi, tena juu ya ubao. Siku hizi hatufundishi hivyo. Mwaka 1995 madaktari wa Helsinki, nchini Ufini, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao kwa wafanyakazi 186 waliopatwa na maumivu ya mgongo. Wengine waliambiwa walale siku mbili. Wengine walipewa mazoezi. Wengine waliambiwa waendelee na shughuli zao kadiri wanavyoweza. Hawa wa mwisho ndio waliopona upesi zaidi.

Sababu yake ni rahisi. Nyama za mgongo ndizo zinazoushika uti. Mtu akilala muda mrefu, nyama hizo hunyong'onyea. Akiamka, mgongo hauna wa kuushika.

Maumivu yakiwa makali sana, pumzika siku moja au mbili. Baada ya hapo anza kutembea.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Tembea. Anza na dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni. Ongeza kidogo kidogo. Usianze na mlima. Njia inayofuata mfereji wa maji ni nzuri, kwa sababu haina mwinuko mkali.

2. Kanda kwa maji ya moto. Chovya kitambaa, kikamue, weka kiunoni kwa dakika 15. Kwanza kijaribu mkononi kisije kikakuunguza. Mahali penye ganzi usipakande, maana hutasikia moto.

3. Lala vizuri. Lala kwa ubavu na weka nguo iliyokunjwa katikati ya magoti. Kamba za kitanda zikilegea, zikaze. Ukiamka, geuka kwanza kwa ubavu, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mikono.

4. Fanya mazoezi juu ya mkeka, asubuhi na jioni.

(a) Lala chali. Vuta goti moja kifuani, hesabu hadi 10, liachie. Fanya mara 5 kwa kila mguu.

(b) Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Inua makalio, hesabu hadi 5, yashushe. Fanya mara 10.

(c) Lala kifudifudi. Inua kifua kwa viwiko, kiuno kibaki chini. Hesabu hadi 10, ulale tena. Fanya mara 5.

Angalia maumivu yanakwenda wapi. Yakitoka mguuni na kupanda kuelekea kiunoni, ni dalili njema. Endelea. Yakizidi kushuka mguuni, acha zoezi hilo.

Namna ya kubeba

Usiinue mzigo kwa kukunja mgongo. Sogea karibu nao, kunja magoti, ukumbatie mzigo, kisha inuka kwa nguvu za miguu. Usizungushe kiuno ukiwa na mzigo, geuza miguu. Gunia moja zito ligawe mara mbili. Weka mpini mrefu kwenye jembe ili usiiname sana. Akina baba, saidieni kubeba maji na kuni. Mgongo wa mama si wa punda.

Mambo ya kuacha

Usikubali kuchanjwa chale mgongoni. Wembe huleta vidonda na pepopunda, wala haufiki kwenye mshipa uliobanwa. Usikubali mtu akukanyage mgongo au kuunyonga kwa nguvu. Usidai sindano kila wiki. Dawa za maumivu zikitumiwa hovyo huumiza tumbo na figo.

Hatari: usingoje

Si kila mgongo unaouma ni wa kufanyiwa mazoezi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona:

– Mkojo hautoki, au mkojo na choo vinatoka bila kujijua.
– Ganzi sehemu za siri na sehemu unayokalia.
– Mguu unazidi kulegea, au miguu yote miwili imekufa ganzi.
– Umeanguka kutoka juu, kwa mfano mtini, na mgongo unauma.

Kijana mmoja alipata ganzi ya namna hii na mkojo ukafunga. Ndugu zake walimweka nyumbani siku kumi wakimpaka mafuta. Alipofika hospitali alipasuliwa, lakini mpaka leo mkojo humtoka bila kujijua. Upasuaji ungefanyika mapema, huenda angepona. Kwa mtu kama huyu, kisu ni cha lazima, na kila saa ina thamani.

Njoo pia zahanati mapema ikiwa mgongo unauma wiki nyingi, nawe unakonda, unapata homa au unatoka jasho usiku, au mgongo unaanza kutoa kibyongo. Hiyo inaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Kinatibika, na dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini kwetu.

Mwisho

Yule mama alianza kutembea kando ya mfereji siku ya pili. Siku za kwanza alilia. Wiki ya tatu maumivu yaliacha mguu yakabaki kiunoni. Wiki ya nane alikuja mwenyewe kwa miguu, kuniamkia tu. Sasa analima, lakini magunia anayagawa, na wanawe wanabeba naye.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mtu mwenye maumivu ya mgongo asilale kitandani siku nyingi?
2. Taja dalili nne za kumpeleka mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo.
3. Nyumbani kwenu, nani anabeba mizigo mizito kuliko wote? Mtamsaidiaje?