Bangi, Mairungi na Hesabu ya Wabunge

Makambini na katika vituo vya polisi hapa Kampala ubishi haujaisha: bangi na mairungi viruhusiwe au vipigwe marufuku? Wapo wanaodai kwamba Mahakama ya Katiba ilikwisha kuviruhusu mwezi wa Mei 2023. Dai hilo si kweli.

Walioshtaki walikuwa wakulima na wafanyabiashara wa mairungi wa Wakiso. Majaji watano waliibatilisha sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 kwa kuwa, ilipopitishwa, haikuthibitishwa kwamba wabunge waliokuwamo ukumbini walitimiza akidi. Sababu haikuwa wema wala ubaya wa jani lenyewe. Lakini kwa askari wa doria lilikuwa jambo zito: sheria aliyomkamatia mtu jana, leo haipo! Ikabidi kurejea sheria ya dawa ya mwaka 1993.

Bunge lilipitisha sheria mpya mwezi wa Agosti 2023, na Rais akaitia saini. Wanaotaka ruhusa wana hoja zao, nazo si za kipuuzi: kodi, riziki ya wakulima, na bangi ya matibabu iliyolimwa Kasese kwa kibali. Wapinzani huwataja vijana wanaotibiwa Butabika. Nami naongeza mlinzi wa zamu anayetafuna mairungi ili asisinzie, huku bunduki iko mikononi mwake.

Ubishi na uendelee. Kizuizini, hata hivyo, swali la kwanza kwa mwenye shamba au lori ni kibali.