Duka la Kibuta: balbu kwanza, kamera baadaye

Mwenye duka la rejareja huku Kibuta, wilayani Kisarawe, akisema anaogopa wezi, siku hizi ataambiwa afunge kamera. Mimi ningemwanzishia na balbu. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka tangu magharibi hadi alfajiri, tuseme saa 12, inakula uniti tatu na kidogo kwa mwezi. Kwa bei ya kawaida ya LUKU, ambayo pamoja na kodi na tozo inafika kama shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni kama shilingi 1,150. Balbu ya zamani ya wati 100 ingekula uniti 36, karibu shilingi 12,800. Ifunge juu, mkono usikofika, na imulike mlango wa nyuma kabla ya wa mbele. Mbele wanapita watu na bodaboda. Nyuma ni mikorosho na giza.

Kisha mlango. Watu hununua kufuli la bei kubwa wakalitundika kwenye mlango ambao bawaba zake zimefungwa kwa skrubu upande wa nje. Mwizi hana haja ya kuligusa kufuli: analegeza skrubu, anauinua mlango, anaingia, na asubuhi unakuta kufuli lako zima limening'inia. Fundi akuwekee bolti zinazopita mpaka ndani na kukazwa na nati huko huko, au azichomelee kabisa. Kama ukuta ni wa udongo, hela ya kufuli la pili ni afadhali iende kwenye kuimarisha ukuta nyuma ya rafu za bidhaa ghali, maana ndipo watakapotoboa.

Fedha isilale dukani. Mauzo ya jioni yaingize kwenye simu au benki kupitia wakala. Ada utakayolipa ni ndogo ukilinganisha na droo iliyojaa. Ukiwa wewe ndiye wakala, badili PIN mara kwa mara na usimpe mteja simu ya kazi ashike "aangalie meseji." Mtu akidai ameshalipa, angalia salio lako, usiamini meseji anayokuonyesha. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040, namba ya TCRA.

Mlinzi ndiye gharama kubwa, na hapa wengi hujidanganya. Kima cha chini cha sekta ya biashara kilichoanza Januari 2023 kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na viwango vya sekta binafsi vikapandishwa tena Januari 2026. Kwa hesabu ya kile cha zamani tu, ongeza asilimia 10 ya NSSF ya mwajiri na nyongeza ya asilimia 5 ya kazi ya usiku, unafika 172,500. Duka linalobakiza faida ya shilingi 10 katika kila 100 linapaswa kuuza bidhaa za milioni 1.7 ili kumlipa yeye peke yake. Tena mtu mmoja kukesha usiku saba ni saa 84 kwa wiki, wakati sheria ya ajira ya 2004 imeweka 45. Mzee wa watu anayekesha kila siku kwa elfu hamsini na chai anaonewa, na saa tisa usiku atakuwa amelala.

Kwa hiyo mshirikiane. Kwa hesabu hiyo hiyo ya kima cha zamani, walinzi wawili wanaopokezana ni 345,000; maduka sita yakichanga, kila moja linatoa 57,500. Wapatikane kwa kupitia mwenyekiti wa kijiji, ili wajulikane ni nani na wanatoka wapi. Kwa duka dogo, hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kwa moyo wote.

Kamera inakuja mwisho. Inataka umeme, kadi ya kumbukumbu, na bando ukitaka kuangalia kwa simu, na kazi yake kubwa ni kukuonyesha nani kaiba baada ya kuibiwa.

Mchana ulinzi wako ni salamu. Kila anayeingia msalimie, mtazame usoni, muulize, "Karibu, nikusaidie nini?" Aliyekuja kununua atajisikia kathaminiwa, aliyekuja kupeleleza atajua ameshaonekana. Wakija wawili, mmoja akitaka kitu cha rafu ya juu kabisa na mwenzake akibaki karibu na droo, funga droo kwanza. Anayejitambulisha kuwa ofisa wa TRA au wa halmashauri aonyeshe kitambulisho, na una haki ya kumpigia mtendaji kuuliza kabla hajagusa daftari lako.

Na tafadhali, usikimbilie kupiga yowe la "mwizi!" kwa sababu ya wasiwasi tu. Wananchi wenye hasira hawasikilizi maelezo, na mgeni aliyekuja kuuliza njia anaweza kuuawa mlangoni kwako. Uliyemkuta na mali unaruhusiwa kisheria kumkamata, lakini akabidhiwe polisi bila kuchelewa. Namba ya mwenyekiti wa kitongoji, ya kituo cha polisi na 112 ziandike ukutani nyuma ya kaunta, kwa maandishi makubwa, hata kijana wako wa dukani azione.