Bandu Bandu Huisha Gogo
Mambo ya kujifunza kutoka kisiwa cha Pemba

Wazee walisema, "Bandu bandu huisha gogo." Gogo ni kubwa, na kila anayelibandua huchukua kipande kidogo tu. Hakuna awezaye kusema, "Mimi ndiye niliyelimaliza." Lakini siku moja mtu huja na shoka lake, akakuta mahali patupu.

Ndivyo yalivyo mambo ya vijiji vyetu. Nani alimaliza kuni za mlima ule ambao zamani akina mama walikwenda na kurudi kabla jua halijawa kali? Nani alikausha chemchemi? Nani alimaliza samaki? Si mtu mmoja mwovu. Ni sisi sote, kila mtu na kipande chake.

Leo twawachukua wasomaji wetu mpaka Pemba, tukaone jinsi watu wengine walivyolitazama gogo lao kabla halijaisha.

Kisiwa kidogo, watu wengi

Pemba ni kisiwa kilichoko kaskazini ya Unguja, yapata kilomita 50 kutoka pwani ya bara. Nchi yake ni ya vilima na mabonde, minazi na mikarafuu. Eneo lake lote halifiki kilomita za mraba 1,000, lakini katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 walikutwa humo watu zaidi ya 540,000. Miaka kumi nyuma, mwaka 2012, walikuwa kama 407,000. Kisiwa hakikui, watu wanaongezeka. Kila nyumba yataka kuni, kila sufuria yataka kitoweo.

Wakristo ni wachache sana huko. Karibu watu wote ni ndugu zetu Waislamu. Lakini jirani mwema hufundisha hata kama hasali nasi kanisani, na haya ya Pemba yanatufaa sisi sote.

Popo waliokaribia kwisha

Yuko popo mmoja mkubwa, mwenye manyoya ya rangi nyekundu-nyekundu, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita moja na nusu. Haishi mahali pengine popote duniani ila Pemba. Chakula chake ni matunda na maua. Anapokula huchukua mbegu akazidondosha mbali, na hivyo hupanda miti bila mshahara. Anaponyonya maua hubeba chavua kutoka mti hata mti, nayo miti ikazaa.

Zamani watu walimwinda kwa nyama. Zilipozidi bunduki, na miti mikubwa anamolala ikakatwa, popo wakapungua vibaya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walipokwenda kuwatafuta waliona wachache mno, wakahofu kwamba watakwisha kabisa.

Nini kilichowaokoa? Si askari wa kulinda kila mti. Wenyeji wenyewe, wakisaidiwa na watu wa idara ya misitu na wataalamu kutoka nje, waliunda vikundi katika vijiji vyao. Wakafundishana mashuleni na vijijini, wakakubaliana kwamba miti wanamolala popo haikatwi, nao popo hawapigwi. Pale Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, wageni huja kuwatazama, wakatoa ada kidogo kwa wanakijiji. Baada ya miaka 20 hivi popo walipohesabiwa tena walikuwa zaidi ya 20,000.

Tazameni, basi. Kilichokaribia kuisha kilirudi, kwa sababu watu walikubaliana kubakiza.

Mwamba unaofunga

Lakini kuacha popo si jambo gumu sana. Mtu aweza kukaa bila kula popo. Je, ikiwa kitu chenyewe ndicho chakula cha watoto?

Kusini ya Pemba, karibu na Mkoani, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Kisiwa Panza. Huko, kama pwani nyingi za Waswahili, pweza ni riziki kubwa. Maji yanapokupwa sana wakati wa bamvua, wanawake na wanaume hutoka kwa miguu juu ya mwamba, wakachokoa pweza mashimoni mwake. Hapana haja ya mashua wala nyavu. Kwa hiyo pweza ni riziki ya maskini, na hasa ya akina mama.

Wachokoaji walipozidi, pweza walipungua, na waliopatikana walikuwa wadogo. Ndipo yakaja mashauri ya kufunga sehemu ya mwamba kwa muda wa miezi mitatu hivi, pasiwe na mtu wa kuchokoa hapo, kisha kuifungua siku moja kwa wote.

Jambo hili lina maana kwa sababu ya maisha ya pweza mwenyewe. Pweza haishi miaka mingi. Wengi huishi mwaka mmoja au kupita kidogo tu. Hukua upesi sana, hata akiachwa miezi miwili mitatu uzito wake huongezeka mara kadhaa. Na pweza jike huzaa mara moja tu. Hutaga mayai yake shimoni, akayalinda bila kula, mpaka yakianguliwa, naye akafa. Anayemchokoa kabla hajataga amekula mama na watoto wake wote kwa sufuria moja.

Hata hivyo tusidanganyane. Kufunga mwamba si kazi nyepesi. Mama ambaye leo hana unga hawezi kuambiwa tu, "Subiri miezi mitatu." Atauliza, "Na wanangu wale nini?" Swali lake ni la haki. Tena aliyevumilia aweza kuona mtu wa kijiji kingine akija usiku kuchukua kile alichokiacha yeye. Shida hizi ndizo zilizovunja mashauri mema ya vijiji vingi.

Kwa hiyo hufungwa sehemu moja tu ya mwamba, na nyingine huachwa wazi ili watu waendelee kupata kitoweo. Hufungwa kwa muda mfupi, nao wajulikana na wote. Akina mama huketi barazani kama wazee, kwa kuwa wao ndio wachokoaji. Walinzi huchaguliwa na wanakijiji. Na siku ya kufungua si siku ya wachache wenye nguvu, bali ni ya kila mtu. Mahali pasipo na mambo haya, kufunga kwaharibika. Mahali yanapofuatwa, watu huvuna pweza wakubwa.

Sisi Wakatoliki twaijua Kwaresima, nao Waislamu waujua mwezi wa Ramadhani. Mtu afungaye hakichukii chakula. Anajinyima kwa kitambo, kwa sababu ya jambo kubwa zaidi. Basi, mwamba nao waweza kufunga.

Msala wa Misali

Magharibi ya Chake Chake kiko kisiwa kingine, Misali, chenye msitu na ufuko ambamo kasa hutaga mayai. Wapemba husimulia kwamba mtakatifu mmoja aitwaye Hadhara alifika hapo, akaomba msala wa kusalia, akaambiwa haupo. Akasema kisiwa chenyewe, jinsi kilivyoelekea, kitakuwa msala wake. Ndiyo asili ya jina, na ndiyo sababu kisiwa chaheshimiwa.

Wavuvi wengi wa Pemba hutegemea bahari ya Misali, lakini wako waliovua kwa baruti na kwa njia nyingine za kuharibu. Baruti haichagui, huua samaki mkubwa, mdogo na mayai, ikavunja matumbawe ambayo ni nyumba yao. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ilikifanya kisiwa hicho na bahari yake kuwa mahali pa hifadhi, wavuvi wenyewe wakiwa na sehemu katika ulinzi wake. Kipande cha mwamba kikawekwa pasipovuliwa kabisa.

Amri peke yake haikutosha. Toka mwaka 1999 walimu wa dini walikaa na wavuvi wakawaonyesha kwamba dini yao yenyewe yafundisha kuwa viumbe ni mali ya Mungu, na binadamu amepewa kuvitunza kama amana. Mtu aliyekuwa haiogopi amri ya serikali alifikiri mara mbili aliposikia kwamba atatoa hesabu mbele ya Mungu.

Je, si fundisho letu pia? Katika kitabu cha Mwanzo twasoma kwamba Mungu alimweka mtu katika bustani ailime na kuitunza. Watu wengi tumeshika neno la kulima, tukasahau lile la kutunza. Baba Mtakatifu Fransisko alitukumbusha jambo hili mwaka 2015, katika barua yake Laudato Si', akiuita ulimwengu nyumba yetu sote. Mwaka huohuo aliiweka tarehe 1 Septemba kuwa siku ya kuombea utunzaji wa viumbe.

Hakuna cha kutupa

Sasa tuingie nyumbani, maana bandu bandu nyingi huanzia jikoni.

Mtazame Mpemba na mnazi wake. Tui hutiwa mchuzini, na chicha hupewa kuku. Kifuu huwa kuni au upawa. Makumbi hufukiwa katika matope ya pwani kwa miezi, kisha hufukuliwa na kupondwa, akina mama wakapata usumba wa kusokotea kamba. Makuti huezeka nyumba, au husukwa pakacha la kubebea mihogo. Chelewa hufanya ufagio. Pakacha likichakaa huoza likawa mbolea, lakini mfuko wa plastiki hukaa mtaroni miaka na miaka. Zanzibar ilianza kuipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, na Tanzania bara ikafuata tarehe 1 Juni, 2019. Waliojua kusuka pakacha hawakuhangaika.

Hata karafuu zina fundisho. Wakati wa mavuno watu wa nyumbani huketi kuzichambua, karafuu upande mmoja na vikonyo upande wa pili. Makonyo hayo hayatupwi. Hukaushwa, yakapelekwa kiwandani Chake Chake, yakapikwa kwa mvuke hata yakatoa mafuta, ambayo hutumika katika dawa na manukato. Kilichoonekana takataka kimekuwa fedha.

Tuanze wapi sisi?

Msomaji atasema, "Mimi niko bara, sina mwamba wala mnazi." Lakini kila kijiji kina gogo lake. Haya ni mambo manne ambayo familia yaweza kuanza nayo.

Kwanza, kuni. Mafiga matatu yaliyo wazi hupoteza moto mwingi pembeni. Jiko la udongo lenye kuta hubana moto chini ya chungu. Pasua kuni, zikauke vizuri, maana kuni mbichi hutoa moshi kuliko moto, na moshi huo huingia vifuani mwa mama na mtoto. Loweka maharage usiku kucha, ufunike chungu unapopika.

Pili, maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Basi, bati la mita za mraba 30 likinyeshewa milimita 20 lapata lita kama 600, ingawa nyingine zitapotea. Ni madumu mangapi hayo ambayo mama hatayabeba kichwani? Kokota, kisiwa kidogo karibu na Pemba, watu wa hapo walikuwa wamekata miti karibu yote. Wakasaidiwa na chama cha Community Forests Pemba kuipanda tena, na kukinga maji ya mvua mapaani. Weka mfereji pembeni mwa bati. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi, ndipo ukinge. Funika pipa, mbu wasizalie humo.

Tatu, miti. Mwulize bwana miti ni mti gani unaofaa udongo wenu. Panda mpakani miche ya kuni, ili mtoto wako asiende mlimani kukata kilichobaki.

Nne, mapatano. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Katika jumuiya yenu ndogo ulizeni, "Gogo letu ni lipi?" Labda ni chemchemi, labda ni msitu wa nyuma ya kanisa, labda ni mto. Waiteni na majirani wa dini nyingine, kwa maana chemchemi haina dini. Wasikilizeni kwanza walio maskini zaidi, kwa sababu wao ndio watakaoumia mkisema pafungwe. Chagueni sehemu ndogo, kwa muda mfupi, na siku ya kufungua ijulikane. Mkiona matunda yake, mtaongeza.

Mtu mmoja akiacha kubandua peke yake, wengine watamcheka huku wakimaliza gogo. Wote wakipatana, gogo hubaki, na pengine huchipua. Popo wa Pemba ni mashahidi.

Jioni ya leo, mama akiisha kuepua chungu, baba na azime moto, azihifadhi kuni zilizosalia kwa kesho. Ni jambo dogo. Lakini kama gogo huisha kwa kubandua kidogo kidogo, akiba nayo huanza hivyohivyo.