Saa ya Mwili Hulinda Macho Usiku na Mchana

Sirisia iko karibu na ikweta. Jua huchomoza mwendo wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutua muda kama huo jioni, mwaka mzima. Jicho nalo lina saa yake ya ndani inayofuata utaratibu huo.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Seli zake hupokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Kazi hiyo hutumia oksijeni nyingi sana, na oksijeni pamoja na mwanga huzalisha kemikali kali zinazoharibu seli, kama kutu inavyokula jembe lililoachwa kwenye mvua. Seli za retina zikifa, mwili hauoteshi nyingine.

Saa ya mwili ni jeni zinazoongeza na kupunguza kazi yake kwa mzunguko wa takriban saa 24. Kila asubuhi seli za kupokea mwanga hutupa ncha zilizochakaa, na seli jirani huzimeza. Panya waliowekwa gizani waliendelea kufanya hivyo saa ile ile, ishara kwamba amri hutoka ndani ya mwili.

Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walizuia kazi ya protini mbili za saa hiyo, Clock na Cycle, katika macho ya nzi wa matunda. Utendaji wa asilimia 15 hadi 20 ya jeni za seli hizo ulibadilika. Kemikali haribifu ziliongezeka hata gizani, na nzi walipokaa kwenye mwanga, retina iliharibika. Nzi si binadamu, na utafiti huo haukuleta dawa. Hata hivyo, jeni za saa za nzi na za binadamu zina asili moja.

Walinzi, wauguzi wa zamu ya usiku na wahudumu wa bodaboda ndio wanaopata shida zaidi kufuata saa hiyo. Wananchi wanashauriwa:

- Kulala na kuamka saa zile zile kila inapowezekana, mahali penye giza, simu ikiwa mbali. Anayelala mchana afunge mapazia.
- Kutoka nje asubuhi kupata mwanga, bila kulitazama jua.
- Kuvaa kofia yenye ukingo wakati wa jua kali shambani.
- Kuacha sigara, kwani moshi wake huongeza kemikali hizo haribifu.
- Kula mboga za majani kama managu, kunde na sukuma wiki.

Usingizi hauchukui nafasi ya matibabu. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka. Anayeona cheche za mwanga, madoa meusi mapya au giza la ghafla aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jicho haliumi.