Oili za Amani: faida iko kwenye maandishi ya kopo

Mwenye duka wa Muheza au Amani anayejaza rafu kwa oili ya aina moja, kwa hoja kwamba oili ni oili, anajinyima mauzo na kumtia hasara mteja wake.

Mfano ulio wazi ni bodaboda. Barabara ya kupanda Amani ina miinuko na kona nyingi, na katika pikipiki nyingi zinazobeba abiria, oili moja hulainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Ikitiwa oili ya gari yenye viambato vya kupunguza msuguano, klachi huweza kuteleza: injini inavuma, pikipiki haipandi. Dereva hulaumu sahani za klachi, hununua mpya, na tatizo hurudi. Kopo linalofaa huandikwa 4T, likiwa na alama ya JASO MA. Hata likizidi bei kidogo, ni nafuu kuliko seti ya sahani.

Msumeno wa mnyororo, mfano unaotumika kwenye mashamba ya mitiki ya Longuza, unataka oili ya 2T inayochanganywa na petroli. Kwa mashine nyingi za kisasa ni mililita 100 kwa lita 5. Mnyororo wenyewe una oili yake. Gia za lori hutaka oili nzito, namba 90 au 140. Viwanda vya chai ni soko jingine: palipo karibu na majani panahitaji grisi ya daraja la chakula, lakini hiyo ni bidhaa ya oda. Mwenye mtaji mdogo asiilaze stoo.

Rafu ya mafuta ya mwili haihitaji mtaji mkubwa, ila inahitaji ukweli. Mafuta ya nazi ya mwambao na mafuta ya mgando (ambayo nayo hutokana na mafuta ghafi) hulainisha ngozi vizuri. Hayafai kutumiwa pamoja na kondomu za mpira wa kawaida, kwani huudhoofisha ndani ya dakika chache na unaweza kupasuka. Kwa kazi hiyo viuzwe vilainishi vya maji. Muuzaji anayeona haya kumweleza mteja hivyo anamuuzia hatari.

Inabaki oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini. Ina wanunuzi wake, kwani hupakwa kwenye nguzo kuzuia mchwa. Lakini imebeba masizi na chembe za metali, na si ya kupaka kidonda wala kurudishwa kwenye makopo na kuuzwa kama mpya. Mnunuzi akague lakiri ya kifuniko kabla ya kulipa. Gereji za Amani zina sababu ya ziada ya kuihifadhi kwenye pipa: maji ya milima hii huingia Mto Zigi, na Zigi hujaza bwawa la Mabayani linalolinywesha jiji la Tanga.

Anayetaka kuingia kwenye biashara ya jumla aanzie EWURA, inayosimamia biashara ya vilainishi vya mitambo.